Kinga ya Kufunga Mlango: Tanzania na Virusi vya Kompyuta vya Miaka ya 1980

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama alianza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma, kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani kwa baba yake, Mtemi Nyerere Burito. Alisoma hapo miaka mitatu, akafanya vizuri kuliko wenzake, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Miaka 40 baada ya Julius Nyerere kuingia darasani Mwisenge, serikali aliyoiongoza ilitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na seti za televisheni Tanzania Bara. Mambo haya mawili husimuliwa kila moja mahali pake: la kwanza katika historia ya Baba wa Taifa, la pili katika mazungumzo ya watu wa teknolojia wanaotaka kueleza kwa nini tulichelewa. Ninayaweka pamoja kwa sababu yanabeba majibu mawili tofauti kwa swali moja. Jamii ikikabiliwa na kitu kigeni chenye faida na madhara, ijilinde kwa kukizuia kisiingie, au kwa kuwafundisha watu wake wakielewe? Historia ya virusi vya kompyuta vya miaka ya 1980 inalijibu swali hili kwa uwazi kuliko historia nyingine niijuayo, na Tanzania, ambayo kwa muda mrefu haikuwa na kompyuta za nyumbani hata za kuambukizwa, ni shahidi muhimu katika kesi hiyo.

Amri ya 1974 inastahili kuelezwa kwa haki kabla ya kuhukumiwa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Kiingereza ya ICT. Katika miaka iliyofuata serikali ilijaribu kuzihamishia hesabu zake kwenye kompyuta, na jaribio hilo likaharibika. Wataalamu wa ndani walikuwa wachache mno, mfumo ulitegemea wageni, mahesabu yakavurugika, na ikabidi wizara irudi kwenye njia za zamani. Hasara hiyo iliangukia wakati mbaya. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwishoni mwa 1973, ukame ulikuwa umeharibu mavuno, na kila dola iliyobaki ilihitajika kununua chakula na mafuta. Serikali yenye hazina ya namna hiyo haikuwa na wazimu ilipoamua kwamba mashine ghali, ambayo nchi haikuweza kuitengeneza wala kuisimamia, ingojee. Taasisi chache ziliendelea kupata vibali maalumu, na katika miaka ya 1980 masharti yalilegezwa hatua kwa hatua. Ila jambo moja halikuzingatiwa. Sababu kubwa ya kushindwa ilikuwa uhaba wa watu wenye ujuzi, na dawa iliyotolewa ilikuwa kuiondoa mashine. Aliyekosa ujuzi mwaka 1974 hakuwa na njia ya kuupata kwa kukaa mbali na kitu anachopaswa kukijua.

Wakati mlango umefungwa huku, kule nje mashine ilibadilika umbo na mmiliki. Mwaka 1977 ziliingia sokoni Marekani kompyuta tatu za mtu wa kawaida, Apple II, Commodore PET na TRS-80. Mwaka 1981 ikaja IBM PC, na mwaka 1982 zikafuata Commodore 64 na Sinclair ZX Spectrum ya Uingereza. Kompyuta iliyokuwa inajaza chumba na kulindwa na mafundi wenye makoti meupe sasa ilikaa juu ya meza ya kulia chakula, mikononi mwa kijana wa shule. Nyingi kati ya hizi hazikuwa na diski ngumu ndani yake, kwa hiyo kazi ilibebwa kwenye kanda za kaseti au disketi. Kwa mashine kama Apple II na IBM PC, mtumiaji aliingiza disketi, akawasha mashine, na mashine ikasoma sehemu ya kwanza kabisa ya disketi na kutekeleza maagizo yaliyoandikwa hapo. Haikuuliza ni nani aliyeyaandika. Hakukuwa na neno la siri wala mipaka kati ya programu moja na nyingine, na programu yoyote iliyokuwa ikifanya kazi iliweza kugusa kila kitu. Wabunifu hawakuona hatari kwa sababu walidhani mashine ya mtu mmoja ina mtumiaji mmoja. Hawakuhesabu kwamba mtumiaji huyo ana marafiki, na kwamba marafiki hupeana disketi za michezo kila wiki.

Katika pengo hilo aliingia Rich Skrenta, kijana wa miaka 15 wa Pennsylvania. Mwaka 1982 aliandika programu ndogo ya Apple II iliyojulikana kwa jina la Elk Cloner. Programu hiyo ilijificha kwenye kumbukumbu ya mashine, na kila disketi safi iliyoingizwa baadaye ilinakiliwa maagizo yale yale kimyakimya. Mashine ilipowashwa kwa mara ya 50 kutoka disketi yenye maambukizi, skrini ilionyesha shairi fupi la kujigamba. Haikukusudiwa kuharibu kazi ya mtu, na huenda ndiyo maana hutajwa kama utani wa mtoto. Lakini mambo yote makuu yalikuwa yamekwisha kukamilika ndani yake. Ilisafiri bila mtandao, bila kuvunja kufuli lolote, na bila mbeba disketi kujua anachokibeba. Kila aliyeieneza alikuwa akimfanyia mwenzake wema.

Mwaka uliofuata jambo hilo lilipata nadharia yake. Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, alifanya majaribio ya kwanza ya kitaaluma mnamo Novemba 1983, na mwalimu wake Leonard Adleman ndiye aliyependekeza programu za aina hii ziitwe virusi. Katika makala yake ya 1984 Cohen alionyesha mambo mawili yanayostahili kujulikana na kila anayetunga sera. La kwanza, haiwezekani kuandika programu moja itakayotambua kila kirusi bila kukosea. Hili alilithibitisha kwa hoja za kihisabati. La pili, mahali popote ambapo watu hushirikiana taarifa, na taarifa hizo huweza kutekelezwa kama maagizo na kupelekwa mbele kwa wengine, kirusi kinaweza kupita hadi mwisho wa mnyororo wa ushirikiano. Kinga kamili iliyobaki ni kujitenga kabisa. Hapa ndipo nadharia ya California inapokutana, bila kukusudia, na amri ya Dar es Salaam. Tanzania ilikuwa imeingia katika hali ambayo Cohen aliitaja kama mwisho wa mantiki yake, nchi ambayo karibu haina mashine za kuambukizwa. Kwa hiyo tuna nafasi adimu ya kupima kinga kamili inagharimu nini.

Kabla ya kupima gharama hiyo, tuangalie majirani zetu kwa hali, hata kama hawakuwa majirani kwa ramani. Mwanzoni mwa 1986, katika mji wa Lahore nchini Pakistan, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walisambaza programu iliyojulikana kama Brain. Walikuwa na duka la kompyuta na waliuza programu, na wameeleza kwamba walitaka kuwabaini watu waliokuwa wakinakili programu yao ya kitabibu bila ruhusa. Brain ilikaa katika sehemu ya kuwashia ya disketi za IBM PC za ukubwa wa kilobaiti 360, ikahamisha maagizo halali mahali pengine, na mtu alipojaribu kuichungulia ilimwonyesha yale maagizo halali kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Mhalifu mwenye nia ya kujificha hafanyi hivyo. Hata hivyo, kufikia mwaka 1987 Brain ilikuwa imeonekana Marekani, ikiwemo katika Chuo Kikuu cha Delaware, kwa kubebwa disketi baada ya disketi. Kirusi cha kwanza cha IBM PC kuenea duniani kilitoka katika mji wa nchi maskini, kikaandikwa na vijana waliojifunza wenyewe. Hili linavunja dhana kwamba madhara ya teknolojia hutoka Magharibi tu na kutushukia sisi, na kwamba tukifunga njia ya Magharibi tumepona.

Mfano wa Bulgaria unafundisha zaidi, kwa sababu nayo ilikuwa nchi ya kijamaa iliyochagua njia iliyopingana na yetu. Serikali ya huko iliamua kujenga kiwanda cha kompyuta, ikatengeneza mashine za Pravetz kwa kuiga Apple II na baadaye IBM PC, na ikazipeleka mashuleni. Kilipatikana kizazi cha vijana walioijua kompyuta hadi ndani kabisa. Haikuandaliwa kazi ya kutosha kwa ujuzi huo, wala sheria, wala maadili ya kuuongoza, kwa sababu kunakili programu za kigeni kulikuwa desturi iliyokubaliwa na dola yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Sofia ikawa chimbuko la virusi vingi, na mwandishi mmoja aliyejiita Dark Avenger alitoa mwaka 1989 kirusi kilichoharibu mafaili taratibu, kidogo kidogo, ili mwenye mashine atakapogundua, hata nakala zake za akiba ziwe zimekwisha kuoza. Msomaji anaweza kusema kwamba mfano huu unanipinga, kwa kuwa Wabulgaria walifundishwa na bado wakaleta madhara. Nakiri kwamba ujuzi peke yake haumfanyi mtu mwema. Lakini Bulgaria hiyo hiyo ilitoa Vesselin Bontchev, mmoja wa wachambuzi wa virusi walioheshimiwa zaidi duniani wakati ule. Nchi iliyofundisha ilipata ugonjwa pamoja na waganga wake. Nchi iliyojitenga iliukwepa ugonjwa kwa muda na haikupata mganga, na siku ugonjwa ulipofika ilimkuta mgonjwa peke yake.

Ugonjwa wa namna hii husafiri kwa njia ipi? Kisa kinachotuhusu sisi wa ukanda huu kwa karibu kabisa ni cha Desemba 1989, na mhusika wake alikuwa mtu aliyeifahamu Afrika Mashariki. Joseph Popp, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, alikuwa mtaalamu wa mageuzi ya viumbe aliyetafiti nyani katika hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya. Mto Mara unaopita katika hifadhi hiyo ndio huo huo unaokata Serengeti na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Baadaye alifanya kazi za ushauri Kenya katika masuala ya afya, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa ukiangamiza watu. Tanzania ilikuwa imeripoti wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya pili ya ziwa, na miaka michache baadaye kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa. Hapakuwa na dawa ya kuponya. Taarifa sahihi ilikuwa karibu silaha pekee, na madaktari, watafiti na mashirika walikuwa na njaa ya taarifa hiyo.

Popp aliitumia njaa hiyo. Zilitumwa kwa posta kutoka London disketi zipatazo 20,000, kwa watu walioorodheshwa kama wasomaji wa jarida la kompyuta na kwa washiriki wa mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Stockholm mwaka 1988. Lebo ilisema kwamba disketi ina taarifa za utangulizi kuhusu UKIMWI. Ndani yake kweli kulikuwa na dodoso lililompima mtumiaji uwezekano wa kuambukizwa. Kulikuwa pia na programu iliyobadilisha maagizo ya kuwashia mashine na kuanza kuhesabu. Kwa kawaida mashine ilipowashwa kwa mara ya 90 hivi, programu ilificha folda na kuvuruga majina ya mafaili yote, kisha ikadai malipo ya dola 189 yapelekwe kwa kampuni iitwayo PC Cyborg, kwa sanduku la posta nchini Panama. Kipeperushi kilichoambatana na disketi kilikuwa kimetoa onyo kwa lugha ya mkataba kwamba asiyelipa ataona madhara, lakini ni wachache waliokisoma. Baadhi ya waliopokea walipopata hofu walifuta diski zao zote, na hapo ndipo kazi za miaka mingi zilipopotea. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, alipoichambua programu hiyo aligundua kwamba mafaili yenyewe hayakuguswa. Yalikuwa yamevurugwa majina tu, kwa njia nyepesi inayoweza kurudishwa, naye akatoa bure programu za kuiondoa na kuyarudisha majina. Popp alikamatwa Ohio mwanzoni mwa 1990, akapelekwa Uingereza kujibu mashtaka ya kudai fedha kwa vitisho, na mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba hali yake ya akili haimruhusu kushtakiwa.

Wapo watakaosema kwamba kisa hiki hakiingii katika mjadala, kwa sababu disketi ya Popp haikujinakili na kwa hiyo haikuwa kirusi kwa maana kamili. Ni kweli kabisa kwa upande wa ufundi, na wataalamu huiweka katika kundi la programu za hadaa. Lakini tazama njia iliyopita. Elk Cloner ilipita kwa urafiki wa wanafunzi. Brain ilipita kwa wanunuzi na wanakili wa programu. Disketi ya UKIMWI ilipita kwa imani ya mtaalamu kwa mtaalamu mwenzake na kwa hamu ya kuokoa maisha. Mbinu za ndani zinatofautiana, na njia ni moja: mtu anakipokea kitu kwa sababu anamwamini anayempa au anauhitaji ujumbe uliomo. Kwa sababu hiyo kisa hiki kinatoa ushahidi mzito zaidi kuliko virusi vingine. Waliofuta diski zao waliumizwa mara mbili, mara ya kwanza na Popp na mara ya pili na kutojua kwamba kilichoharibika kinaweza kurudishwa. Mara ile ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, na ujuzi kidogo tu ungeizuia.

Pingamizi kubwa linabaki. Mtu mwenye busara anaweza kuuliza: kama mwaka 1989 hapakuwa na kompyuta katika ofisi za Mkoa wetu wa Mara, basi disketi ya Popp, Brain, na hata Michelangelo, kirusi kilichoogopesha dunia kuelekea Machi 6, 1992, vingemdhuru nani hapa? Je, amri ya 1974 haikutukinga? Jibu langu ni kwamba ilitukinga kama vile asiyelima anavyokingwa na viwavi. Tulichokosa katika miaka ile hakikuwa michezo ya watoto. Tulikosa miaka 10 au zaidi ya kizazi kizima kufanya makosa madogo kwenye mashine ndogo. Vijana wa Lahore na Sofia walijua sehemu ya kuwashia ya disketi ni nini kwa sababu waliifungua wakaichokonoa. Kompyuta zilipoanza kuingia kwetu kwa wingi kuelekea miaka ya 1990, zilikuja katika maofisi ya miradi, wizara, mashirika na vyuo, zikiwa zimebeba kazi nzito tangu siku ya kwanza, kama mishahara, takwimu za hospitali na hesabu za wafadhili. Watumiaji wengi waliiona kompyuta kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima kazini, chini ya bosi, mahali ambapo kukosea ni aibu. Mahali hapo hakuna anayesema mapema kwamba mashine yake imeanza kufanya mambo ya ajabu. Disketi ikazunguka kutoka meza hadi meza, na kirusi pamoja nayo.

Kisa cha Michelangelo chenyewe kinaonyesha upande mwingine wa gharama ya kutojua. Kabla ya siku yake, wauzaji wa programu za kinga nchini Marekani walitaja uwezekano wa mashine milioni 5 kuathirika. Siku ilipofika, makadirio ya walioathirika yalikuwa ya maelfu machache au makumi ya maelfu. Jamii yenye watu wanaoweza kukagua madai ya namna hiyo hununua kinga kwa kiasi na kuacha hofu iliyozidi. Jamii isiyo na watu hao ina mambo mawili tu ya kufanya, kuamini kila kitu au kupuuza kila kitu, na yote mawili humnufaisha mtu mwingine. Kujitenga hakukutunyima mashine tu. Kulitunyima kipimo cha kumpimia anayetuuzia mashine na anayetuuzia kinga yake.

Wengine huelekeza lawama kwa nakala za wizi. Husema kwamba virusi ni adhabu ya wasiotaka kununua programu halali, na kwamba nchi maskini zingenunua halali zingepona. Hoja hii ina ukweli wa sehemu, maana nakala zinazopitia mikono mingi hupata maambukizi mengi. Lakini historia haikubali hitimisho lake. Mwaka 1988 kirusi kilichobeba ujumbe wa amani kwa watumiaji wa Macintosh, maarufu kama MacMag, kiliingia ndani ya disketi za programu ya FreeHand ya kampuni ya Aldus, zikafungwa kiwandani na kuuzwa madukani kwa bei kamili. Mnunuzi mwaminifu alilipa, akafungua boksi jipya, na akakutana na kirusi. Kilichowaponya waliopona ni mazoea ya kukagua kila disketi bila kujali imetoka wapi, na mazoea hayo hayauzwi pamoja na leseni.

Kuna pia wahandisi wanaosema kwamba elimu ya mtumiaji ni kumtwisha mzigo usio wake, kwa kuwa kosa ni la mashine inayotii maagizo ya kila disketi. Pingamizi hili nalipa uzito mkubwa, kwa sababu ushahidi wake uko wazi. Disketi zilipokwisha na flashi zikachukua nafasi yake, virusi vilihamia huko, vikitegemea uwezo wa Windows kuendesha programu yenyewe pindi flashi inapochomekwa. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozima uwezo huo kwa flashi katika matoleo ya zamani, na maambukizi ya njia hiyo yakapungua. Badiliko moja la kiwandani lilifanya kazi ambayo mabango 1,000 ya onyo yasingeifanya. Hata hivyo, sasisho hilo lilimfikia mwenye mashine iliyounganishwa na intaneti, au mwenye mtu wa kumwekea. Mashine iliyokaa bila intaneti katika kona ya ofisi ya kata ilibaki kama ilivyokuwa. Mashine bora huwasaidia watu wote, na huwasaidia kwanza wale wanaojua kwamba inahitaji kutunzwa. Hivyo usanifu mzuri hauiondoi haja ya elimu. Unaifanya elimu kidogo ifike mbali.

Na elimu ya namna hiyo nchi hii iliwahi kuitoa, tena kuanzia hapa hapa Kanda ya Ziwa. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima 67 kati ya kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1968 mradi wa elimu ya watu wazima ulioungwa mkono na UNESCO ulianza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mara ikiwemo, na ukaendelea hadi 1972. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu mzima ajifunze kusoma kupitia kazi anayoifanya. Mkulima wa pamba alisoma maneno ya pamba, mvuvi akasoma ya uvuvi. Kampeni ya taifa ilifuata kwa mbinu hiyo, na kwa mujibu wa mitihani ya serikali, mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya 10 kati ya kila 100. Hata mtu atakayeshuku ubora wa kisomo hicho hawezi kukana ukubwa wa tendo lenyewe. Ndani ya miaka ile ile serikali moja, chini ya kiongozi mmoja aliyepata herufi zake Mwisenge, ilitumia njia mbili zilizopingana. Kwa maandishi ilimwamini mwananchi, ikampelekea kitabu mpaka shambani. Kwa kompyuta haikumwamini yeyote, ikafunga bandari. Njia ya kwanza iliacha matunda yanayoliwa hadi leo. Ya pili iliacha pengo ambalo sera ya taifa ya teknolojia ya habari ya mwaka 2003 ilibidi ianze kuliziba.

Siwalaumu viongozi wa 1974 kwa kutoiona Elk Cloner miaka minane kabla haijaandikwa. Mashine waliyoizuia ilikuwa kubwa, ghali na ya wachache, na hakuna aliyejua kwamba ingefika mezani kwa mwanafunzi. Ninachokidai ni kwamba sisi hatuna udhuru wao. Leo mwanafunzi wa Mwisenge au wa Bunda hupeleka kazi yake kwa flashi kwenye steshenari ili ichapishwe, flashi ikachomekwa katika mashine iliyopokea flashi za mtaa mzima, na anaporudi anakuta folda zake zimegeuka vialama visivyofunguka. Wengi hufanya kama walivyofanya waliopokea disketi ya Popp: hufuta kila kitu, ingawa mara nyingi mafaili yamefichwa tu na yanaweza kurudishwa kwa dakika chache. Hofu hiyo haitaondolewa na sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, ambayo kazi yake ni kumwadhibu mkosaji, wala na shule kuwakataza wanafunzi kuja na flashi.

Itaondolewa na mbinu ile ya mwaka 1968, ikianzia mahali watu walipo. Mwenye steshenari afundishwe kukagua flashi kabla ya kuifungua, na hilo liwe sharti la kawaida la biashara yake kama ilivyo risiti. Karani wa ofisi ya kata afundishwe kuweka nakala ya akiba mahali pengine, na mwanafunzi afundishwe jinsi faili linavyofichwa na linavyofichuliwa. Haya ni masomo ya siku mbili au tatu, hayahitaji maabara, na walimu wake wapo tayari: ni vijana wale wale wanaotengeneza simu na kompyuta mitaani, ambao wameyajua kwa kujaribu. Cohen alithibitisha kwamba wanaoshirikiana hawawezi kupata kinga kamili bila kuacha kushirikiana. Watu wa Mara hawataacha kupeana, wala hawapaswi kuacha, kwa sababu maarifa yote waliyo nayo yamewafikia kwa kupeana. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba kila mkono unaopokea unajua kukagua, na kazi hiyo ni ya halmashauri, shule na wenye maduka kuianza kwa bajeti ya mwaka huu.